Autoruns, dawa ya programu zinazojiwasha zenyewe

Wakuu, kama kompyuta yako ukiiwasha inafika desktop vizuri tu afu hapo hapo inaanza kuzubaa, kile kiduara kinazunguka weee, ukibofya kitu hakifunguki, mara nyingi sio mashine imezeeka, ni msururu wa programu zinazojiwasha bila kuulizwa. Ya chati, ya muziki, ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ya printa (na printa yenyewe hata waya haijachomekwa), zote zinagombania diski kwa wakati mmoja.

Wengi tunaijua ile ya Task Manager, Ctrl+Shift+Esc afu unaenda Startup, ipo tangu Windows 8, zamani ilikuwa msconfig. Kwa mtu wa kawaida inatosha kabisa, inakuonyesha hadi ipi inachelewesha sana na ipi kidogo, unaizima imeisha. Tatizo ni kwamba inaonyesha wale tu waliopiga hodi. Programu ikijiweka kwenye ratiba ya Windows au ikijisajili kama sevisi (programu inayoendeshwa na Windows chini chini bila dirisha), kwenye Startup huioni ng'o, ndo maana mtu anazima kila kitu na bado mashine inajivuta.

Hapo ndo inaingia Autoruns, kiprogramu kinachoonyesha karibu kila kona ambako vitu vinajiwashia. Ni ya Sysinternals, watengenezaji wa zana za Windows, ile ya kina Mark Russinovich na Bryce Cogswell ambayo Microsoft waliinunua 2006, na mpaka leo ni bure. Hamna kuinstoli, unadaunlodi zipu kwenye saiti ya Microsoft yenyewe, unaifungua, unabofya kulia Autoruns64 unaiendesha kama administrator, basi.

Mara ya kwanza utashtuka, mistari inashuka tu haiishi. Usianze kutoa tiki hovyo. Nenda kwanza kwenye menyu uchague Hide Microsoft Entries, orodha inapungua sana na zinabaki za watengenezaji wengine, hizo ndo za kushughulika nazo. Mimi napenda kuanzia Scheduled Tasks, huko ndo wamejazana wale wa apdeti, na huko ndo unakuta programu ulishaifuta kitambo lakini kazi yake bado ipo kwenye ratiba inatafuta faili ambalo halipo, mstari wake unakuwa wa njano. Wa pinki ndo wa kuukazia macho, maana yake sahihi ya mtengenezaji haipo au haijathibitishwa. Sio lazima iwe kirusi, vijiprogramu vingi vya watu binafsi havina sahihi, ila ukiwa na wasiwasi bofya kulia uchague Check VirusTotal, inapeleka alama ya utambulisho ya faili kulinganishwa na antivairasi kibao afu inakuletea jibu ni ngapi zimelilalamikia.

Kilichonikosha zaidi ni kwamba kutoa tiki sio kufuta. Unaizima, unaangalia siku mbili tatu, kama kuna kitu kimegoma unarudisha tiki yako maisha yanaendelea. Delete ndo ya kuogopa, hiyo imeenda moja kwa moja. Halafu unaweza kusevu hali ya sasa, ukainstoli kitu usichokiamini, kisha ukalinganisha uone kimepachika nini kimya kimya, hii peke yake inatosha kuwa nayo kwenye flashi.

Sasa mabaya yake. Sura ni ya kizamani, maandishi madogo, na haikuambii ipi nzito ipi nyepesi, hapo Task Manager inaipiga bao. Kwenye Drivers (madraiva, yaani programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) kaa mbali kama hujui unachogusa, ukizima draiva isiyotakiwa kuzimwa Windows inaweza isiwake kabisa. Antivairasi, sauti na tachipedi viache. Na kuna programu zingine ni king'ang'anizi, zikipata apdeti zinajirudisha, hizo zizime kwenye settings zake zenyewe, kuhangaika na tiki ni kujichosha.

Kama mashine yako bado ina diski ya zamani ya kuzunguka utaona tofauti kubwa, kwenye SSD itakuwa ndogo.

Ukimaliza piga restart, usizime kwa shutdown kisha uwashe, kwa sababu kama Fast Startup ipo on, shutdown inahifadhi hali ya mfumo kwenye diski na ukiwasha inairudisha vile vile, kwa hiyo madraiva na masevisi hayaanzi upya kweli na utadhani hujafanya kitu.