Kikundi cha maigizo ya afya kutoka Arusha mjini: hela yetu ilikwenda kihalali?

Naandika kwa viongozi wa vijiji na vikundi vya akina mama wanaofikiria kuleta wasanii waje kuelimisha watu. Sisi huku Arumeru, upande wa Maji ya Chai, tuliwaita wakatuchezea igizo la floraidi. Jina la kikundi silitaji kwa sababu nitasema na mabaya yao. Anayewataka aniulize pembeni.

Kwa asiyejua: maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, na madini yake ya floraidi ni mengi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kuna vyanzo vinavyovuka hapo kwa mbali. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya fizi, yaani kabla ya miaka 8 hivi, yanatoka ya kahawia na ndiyo basi tena. Ikizidi sana inaingia kwenye mifupa, mtoto anapata matege. Haya tumeambiwa kliniki mpaka tumeyakariri, na bado ndoo zinakwenda kisimani kule kule.

Wasanii walifika siku moja kabla, wakazunguka gengeni na majumbani kuuliza watu wanachota wapi, wanapika nini. Kesho yake maneno ya mama muuza nyanya yalisikika mbele ya umati kama alivyoyatamka. Mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Sehemu ya magadi ndiyo iliyolipa gharama yote. Dada mmoja anapika makande, sufuria tupu, mwiko mkononi. Anatia magadi kidogo, anaonja, anakunja uso. Akina mama nyuma yangu wakapaza sauti: "Ongeza! Hayo hayaivi leo!" Akaongeza. "Ongeza tena!" Hapo dada anayeongoza mazungumzo akapiga makofi, igizo likasimama. "Nani amesema ongeza? Karibu mama yangu, shika mwiko wewe."

Mama akaenda, kanga kiunoni, hana wasiwasi. Aliyecheza mkwewe akamwambia magadi nayo yana floraidi, na mjukuu anakula chungu hicho hicho kila siku. Kimya kidogo. Wengi wetu tulikuwa tunahangaika na maji tu, magadi hayamo kwenye hesabu. Mama akajibu: "Bila magadi nitamaliza kuni za wiki nzima. Utaniletea wewe?" Uwanja ukalipuka. Mwingine akasema loweka mahindi na maharage usiku kucha, mwingine akasema hata ukiloweka mahindi ya zamani hayalainiki, wazee wakaacha bao lao wakaja kubishana mambo ya jikoni, jambo ambalo sijawahi kuliona hapa kijijini. Kwa mikutano yote niliyokaa kama katibu wa kikundi chetu hapa, sijasikia swali la kuni likiulizwa waziwazi namna ile.

Sasa mabaya. Kijana aliyecheza bwana afya alitoa hotuba ndefu, na katikati akasema "chemsheni maji". Kwa kipindupindu sawa. Kwa floraidi ni kosa kubwa: kuchemsha hakuiondoi, na maji yakipungua kwa mvuke yanabaki makali zaidi. Nesi wetu wa zahanati alilazimika kusimama kusahihisha. Kikundi kinachouza elimu ya afya kipitishe maneno yake kwa mtaalamu kabla ya kupanda Noah.

La pili liliniuma zaidi. Walimpaka binti rangi ya kahawia kwenye meno, akachekwa na wachumba. Umati ulicheka, lakini watoto waliokaa mbele chini, wenye meno hayo hayo, niliwaona wakifunga midomo. Mchekeshaji mlevi naye alivuta muda bure. Walevi wa kutuchekesha tunao wa kwetu. Na mzee mmoja alipochangia kwa Kimeru, hakuna msanii aliyemwelewa, ikabidi mwenyekiti atafsiri.

Niliwahi kuwa mwalimu, kwa hiyo nawapima kwa kipimo cha juu kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kina Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, Mwanza, wakatengeneza michezo pamoja na wanakijiji wenyewe. Hawa wetu walikuja na mchezo uliokwisha kupikwa, wakatuachia tutie chumvi.

Halafu mwishoni watu wakauliza: haya, tuchote wapi? Hawakuwa na jibu. Kuvuna maji ya mvua hawakugusia, wala vichujio vya mkaa wa mifupa vya kupunguza floraidi, vinavyofanyiwa kazi kituo cha Ngurdoto, hapa hapa jirani. Ukiwaita, mwalike mtu wa maji akae mbele siku hiyo.

Tulilipa laki nne na nusu, mafuta ya gari ndani yake, chakula juu yetu. Walifika kwa wakati, spika haikukatika. Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano, na nusu nzima ni ya yule dada wa mazungumzo. Ukipiga simu, uliza kwanza kama atakuwepo. Kama ana safari, sogeza tarehe.