Civilization V kwenye kompyuta kuukuu: pesa iende wapi kwanza

Kama una kompyuta mpakato ya mwaka 2011 au 2012 na unataka kucheza Civilization V, mchezo wa kujenga taifa unaochezwa zamu kwa zamu, usitoe pesa kabla hujajua unachosubiri ni nini. Mchezo ukichelewa kufunguka, au mechi uliyohifadhi ikichelewa kupakia, hiyo ni diski. Ramani ikikwamakwama unapoisogeza, ni grafiki na RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine). Ile subira baada ya kumaliza zamu, mataifa mengine yanapopanga mambo yao, ni ya prosesa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokera kuliko zote: mwanzoni mwa mechi ni sekunde chache, ikifika zamu ya 250 unaweza kwenda kuepua chai ukarudi. Ndiyo maana orodha hii haianzi na SSD (diski ya chipu, isiyozunguka), ingawa ndiyo utakayoshauriwa na karibu kila fundi.

Kwanza yasiyo na gharama. Mchezo unapokuuliza, chagua DirectX 9. Kwenye mipangilio washa "Quick Combat" na "Quick Movement", na ubora wa picha za viongozi uuweke chini kabisa ili zisitembee. F10 hugeuza ramani kuwa ya bapa, na grafiki hupumua. Anza mechi kwa ramani ndogo yenye mataifa manne na miji huru sita. Ramani kubwa kabisa ina mataifa 12 na miji huru 24, na wote hao hupiga hesabu zao kila zamu.

1. Pesti mpya na kusafisha feni

Prosesa ya i5-2520M hukimbia 2.5 GHz na hupanda hadi 3.2 ikiwa imepoa. Joto likikaribia nyuzi 100 hujipunguza mwendo yenyewe isiungue, na zamu zinarefuka. Fungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto na kasi ya prosesa, cheza zamu kumi, kisha tazama joto na GHz. Joto likigonga 95 huku GHz zinaporomoka, ugonjwa umeuona.

Nunua bomba dogo la pesti ya prosesa (krimu inayopitisha joto kutoka prosesa hadi kipozaji), alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na brashi laini. Vumbi hujibana kati ya feni na mapezi ya shaba likawa kama kipande cha blanketi. Kupuliza kwa nje hakuling'oi, lazima feni ifunguliwe. Futa pesti kuukuu mpaka prosesa ing'ae, weka tone kama punje ya mchele katikati, kisha kaza skrubu kidogo kidogo kwa kufuata namba zilizochongwa pembeni mwake. Pesti nyingi haipozi zaidi, hufurika tu. Vile vitambaa laini kama mpira vilivyo juu ya chipu nyingine usivitupe ukaweka pesti mahali pake: nafasi pale ni pana, pesti haiifikii.

2. Kijiti cha pili cha RAM

Grafiki ya Intel HD 3000 haina kumbukumbu yake, huazima RAM ya mashine. Kijiti kimoja ni barabara ya njia moja. Viwili ni njia mbili. Kwa hiyo vijiti viwili vya GB 4 vinashinda kimoja cha GB 8, na ramani huacha kukwama. GB 8 kwa jumla zinatosha. Civilization V ni programu ya biti 32, haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 yenyewe, hivyo anayekuuzia 16 kwa ajili ya mchezo huu anakuuzia hewa. Angalia pia Windows yako: ikiwa ya biti 32, hata hizo 8 haitaziona.

DDR3 ya kompyuta mpakato ina pini 204, DDR4 ina 260, haziingiliani. Chukua kilichoandikwa PC3L, cha volti 1.35. Mashine za Intel za kizazi cha nne (namba baada ya i5 au i7 huanza na 4) hukitaka hicho, na cha volti 1.5 kinaweza kukuachia skrini nyeusi. Za kizazi cha pili na cha tatu kwa kawaida hukipokea bila ubishi.

3. SSD

SATA ya inchi 2.5, GB 240. Mchezo utafunguka haraka na Windows itaacha kusota, lakini zamu ya 250 itabaki na urefu uleule. Ukiuziwa ya TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana, ipime yote kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa diski, kabla ya kuamini ukubwa wake.

4. Mashine nyingine ya mtumba

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Usinunue kibandiko cha i7: i7-7500U ina kori (vitengo vya kupiga hesabu) mbili, i5-8250U ina nne. ThinkPad T480 na HP EliteBook 840 G5 ni chaguo zuri, zote zina sloti mbili za RAM. X1 Carbon ni nyembamba na ya kupendeza, lakini RAM yake imechomelewa.

Iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, nenda na flashi yenye HWiNFO isiyohitaji kusakinishwa, pamoja na 7-Zip, programu ya kubana mafaili yenye kipimo cha kasi ndani yake. Ingia kwanza BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nenosiri, irudishe mezani, kwani kwenye ThinkPad kutoa betri ndogo ya ubao mama hakufuti nenosiri la msimamizi. Hakikisha chaja ni yake. Dell nyingi zisipoitambua chaja hupunguza kasi ya prosesa. Kisha endesha kipimo cha 7-Zip kwa dakika tano. Alama za mzunguko wa mwisho zikiwa chini sana ya za mwanzo, prosesa inapikika: omba bei ipungue kwa gharama ya pesti na feni, au mwambie muuzaji akuwashie nyingine.