Uzoefu wangu: mashine ya CNC 3018 kwa darasa la sekondari

Kwa kufundishia utengenezaji unaoongozwa na kompyuta (CNC), 3018, mashine ndogo ya kuchonga na kukata, inatosha kabisa. Kwa kuzalisha vitu vya kuuza, siipendekezi: eneo la kukatia ni sm 30 kwa 18 tu, na fremu yake hupinda ukiilazimisha kwenye alumini.

Ninachokipenda ni kwamba haifichi kitu. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua hugawanywa mara 16, na skrubu husogeza meza mm 4 kwa mzunguko. 200 × 16 ÷ 4 = hatua 800 kwa kila mm. Mwanafunzi akituma amri ya $$ (onyesha mipangilio) kwa GRBL, programu iliyo ndani ya bodi ya mashine, anaikuta 800 yake pale kwenye mpangilio wa $100. Hesabu ya ubaoni imekuwa mashine.

Anzeni na kalamu badala ya biti (kifaa cha kukatia), na msimbo wa G, yaani amri za mwendo wa mashine, uandikwe kwa mkono: G21 (vipimo ni mm), G90 (vipimo vihesabiwe kutoka sifuri), G0 Z5 (inua kalamu hadi mm 5), kisha mraba wa mm 40 kwa G1 F400 (chora kwa mwendo wa mm 400 kwa dakika). Baada ya hapo ndipo mwingie FreeCAD, programu ya kuchora na kuandaa msimbo huo, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti. Mkiona error:20, mara nyingi faili ina G81 ya kutoboa au M6 ya kubadili biti, na GRBL haizijui. Ondoa M6, na utoboaji uandikwe kwa G0 na G1.

Akriliki ndiyo inayosumbua zaidi. Natumia biti ya mm 3.175 yenye jino moja, kina cha mm 0.5 kila pito, mwendo wa mm 400 kwa dakika. Wanafunzi wakiogopa hupunguza mwendo, na hapo ndipo mambo huharibika: biti inasugua badala ya kukata, plastiki inayeyuka na kuigandia. Dawa ni kuongeza mwendo au kupunguza mizunguko ya spindo (mota inayozungusha biti). Miwani ni lazima. Glavu karibu na spindo ni marufuku.

Unaponunua, dai swichi za ukomo, zinazoijulisha mashine imefika mwisho wa njia yake. Bila hizo, umeme ukikatika mashine haijui tena ilipo. Ukiwa nazo, weka $22=1 (kuwezesha $H), tuma $H (mashine iende itafute swichi), kisha hifadhi sifuri ya kazi, yaani mahali vipimo vyako vinapoanzia, kwa G10 L20 P1 X0 Y0 Z0. Umeme ukirudi, $H tena, na sifuri ipo palepale. Sifuri iliyowekwa kwa G92 haihifadhiwi, usiitegemee.

Badilisha pia kebo ya USB kwa fupi yenye kinga, kwani kelele za umeme za spindo hukata mawasiliano katikati ya kazi. Na kumbuka mota hizi hazina kihisi: zikiruka hatua, GRBL inaendelea kuhesabu kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo kila kipande kipimwe kwa kalipa, hata kama skrini inaonyesha namba sahihi.