Kituo cha elimu maalum anakosoma dogo wangu: waalimu safi, ofisi mh

Mwanangu ana usonji na haongei, kwahiyo mi sikuwa naangalia rangi za ukutani wala bembea, nilikuwa naangalia kama watakuwa na subira nae. Na kwakweli wanayo. Mwalimu anatumia kadi za picha, dogo akitaka maji anachomoa kadi ya maji anamkabidhi, hamna kumlazimisha aseme "maji" kwanza, na akishakabidhi tu anapewa hapohapo maana wakichelewesha hawezi kuunganisha kadi na kile kitu. Sasa hivi hata nyumbani ananiletea kadi ya bembea usiku wa manane jamani 😂 Halafu kuna ratiba ya picha, shughuli ikiisha anabandua mwenyewe, hiyo ndo imepunguza vilio vya kuhama darasa. Kelele zikizidi kuna kachumba kenye mwanga hafifu, anaenda anatulia anarudi, sio adhabu.

Ila ofisi sasa. Kwenye mpango wa mtoto, ile karatasi ya malengo yake ya kujifunza, wameandika "ataboresha mawasiliano", hiyo utaipimaje?? Nilikomaa nao mpaka wakaweka ataomba vitu vitano kwa kadi bila kukumbushwa. Mtaalamu wa usemi akibadilishwa hawakwambii, unashangaa tu mtoto kagoma kushuka kwenye gari. Na mlango wa choo kiti cha magurudumu hakipiti, kituo kama hiki aibu bana.

Nyota nne kati ya tano, simhamishi labda mwalimu wake aondoke.