Presha kuka ya umeme kwenye geto langu: maharage, LUKU na mpira wa mfuniko

Kama chakula chako cha geto ni chai, mayai ya kukaanga na tambi, okoa hela yako. Presha kuka ya umeme haitakusaidia kitu. Hii ni mashine ya vyakula vinavyokaa motoni mpaka mtu akate tamaa: maharage, makande, choroko, utumbo, kongoro, nyama ya ng'ombe aliyezeeka akitembea. Ndivyo hivyo hivyo tunavyovipenda sisi wanaume tunaoishi wenyewe, na ndivyo tunavyovifuata kwa mama ntilie kila siku, kwa sababu nani atoke kazini saa kumi na mbili, apambane na foleni, halafu aanze kusimamia sufuria ya maharage mpaka saa nne usiku?

Yangu ni ya lita 6, wati 1000, ya vitufe, sufuria ya ndani nyeusi isiyogandisha. Niliichukua Kariakoo kwa laki moja na thelathini baada ya mvutano wa kutosha. Jina lake silitaji kwa sababu ukizipanga za lita 6 mezani ukaziba nembo, sidhani kama kuna wa kuzitofautisha. Muuzaji aliniambia inapika hadi keki. Keki sijapika na sina mpango.

Kilichonifanya niandike haya ni maharage, kwa hiyo nianzie hapo.

Naosha nusu kilo ya maharage ya njano, sijayaloweka, natia kwenye sufuria na maji yanayoyazidi kwa vidole vitatu, chumvi kidogo, kijiko cha mafuta. Nafunga mfuniko, nageuza kivalvu kwenye kufunga, naweka dakika 45. Kipindi kimoja cha mpira. Kama umeyaloweka toka asubuhi, dakika 25 zinatosha, na ukizidisha hapo utapata uji.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili wauzaji hawalisemi: zile dakika 45 hazianzi kuhesabiwa ulipobonyeza. Kwanza maji yachemke na mvuke ujae, hiyo ni robo saa kasoro. Zikiisha, usikimbilie kufungua. Ukiachia mvuke wote kwa pupa, povu la maharage linapanda na kutoka kwenye tundu kama gesi ya soda, linachafua ukuta na linaziba valvu. Acha jiko litulie lenyewe dakika 15 au 20, mpaka kile kipini kidogo cha juu kizame. Jumla ni saa moja na robo, si dakika 45. Ila katika saa hiyo na robo kazi yako wewe haifiki dakika kumi. Unaoga, unafua, unaangalia mechi. Hakuna kuchochea, hakuna kuongeza maji, na hakuna kuungua ukipitiwa na usingizi, maana likimaliza linajizima na kubaki kwenye uvuguvugu.

Nyanya na tui tia baadaye. Nyanya zina ukali unaochelewesha maharage kuiva, na tui likipitia presha linakatika, unabaki na mafuta juu na vipande vyeupe chini. Mimi nakaanga kitunguu, hoho, karoti na nyanya kwenye sufuria ndogo ya pembeni, namimina juu ya maharage yaliyoiva, naongeza tui zito, naacha yachemke mfuniko ukiwa wazi. Ukitumia tui la pakiti hakuna atakayekukamata. Maharage yanatoka laini, yamevaa mchuzi, hayajapasuka. Na kiasi hicho kinanilisha mara kadhaa. Jioni ya kwanza na wali, ya pili na chapati za dirishani, asubuhi moja na mkate kabla ya kazi.

Onyo moja tu kuhusu ujazo: kwa maharage, choroko na chochote kinachovimba au kutoa povu, maji na nafaka kwa pamoja visipite nusu ya sufuria. Alama imechorwa ndani. Iheshimu.

Tuje kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla ya kutumia, maana najua ndiko unakoniwazia. Ninakoishi tuko wapangaji wengi kwenye mita moja, tunachanga. Siku niliyoingia na boksi lenye picha ya jiko, habari ilifika kwa mama mwenye nyumba kabla sijafungua kufuli. Jioni akaniita. "Shikamoo mama." "Marahaba. Baba, nasikia umeleta jiko la umeme. Hilo si litatumalizia yuniti wote hapa?" Nyuma yake amesimama jirani mmoja, kimya, lakini ilionekana wazi faili kalileta yeye.

Sikubishana. Nilimwomba mama tufanye jaribio Jumamosi mchana. Tukazima mafriji, taa na redio, tukasoma namba kwenye mita, nikatia maharage, tukasoma tena mvuke ulipotoka. Ilikuwa imekula yuniti 0.43. Nyumba yetu inavuka yuniti 75 kwa mwezi bila jasho, kwa hiyo tupo kwenye ile bei kubwa, shilingi 292 kwa yuniti, ambayo ukijumlisha kodi na tozo inafika kama 356. Piga hesabu: sufuria nzima ya maharage ni shilingi 150 na kitu. Mkaa wa kuivisha maharage hayo hayo kwenye mtaa wetu haupungui elfu moja na mia tano, na ukitumia gesi unaangalia mtungi wa kilo 6 uliojaza kwa zaidi ya elfu ishirini ukizidi kuwa mwepesi.

Siri yenyewe ni ya kawaida. Wati 1000 zinatisha kwenye boksi, lakini jiko halivuti wati hizo muda wote. Linavuta kwa nguvu mpaka presha ijae, halafu linakata, linashtuka kidogo kidogo kulinda joto. Ndani mvuke umezibwa, joto linapanda juu ya ile nyuzi 100 ambayo maji ya kwenye sufuria wazi hayawezi kuivuka, kwa hiyo chakula kinaiva haraka na pembeni kuna ganda linalozuia joto kutoroka. Wakati huo huo jirani yetu aliyepeleka mashtaka anachovya hita kwenye ndoo ya maji ya kuoga kila asubuhi. Ndoo ya lita 20 kuitoa kwenye ubaridi wa bomba hadi uvuguvugu wa kuogea inataka karibu nusu yuniti. Yaani anaoga sufuria yangu ya maharage kila siku. Hilo sikulisema mbele ya mama, ila nimelisema hapa.

Tangu hapo mama mwenye nyumba mwenyewe huniletea makande yake. "Baba, nitilie na haya, mahindi yamekuwa mawe." Natia. Makande ya mahindi yaliyokobolewa na maharage, vikilowekwa usiku kucha, saa moja ya presha inatosha kabisa.

Nyama nayo ni raha. Mchemsho wa ndizi naupika kwa awamu mbili: nyama yenye mfupa, tangawizi, kitunguu saumu na chumvi kwa dakika 25, naachia mvuke, natia ndizi, viazi na karoti, nafunga tena dakika sita. Ukitia vyote pamoja mwanzoni ndizi zinayeyuka. Kongoro mwambie muuza nyama akukatie vipande vidogo kwa msumeno, likwangue vizuri, uliache saa moja na robo. Asubuhi ya Jumapili unakamua limau na pilipili, unakunywa supu inayoshika midomo. Supu ya namna hiyo kijiweni sasa hivi bakuli moja ni hela ya maana.

Nimewahi kuambiwa na rafiki kwamba mwanaume kununua jiko ni dalili ya kutotaka kuoa. Nilimuuliza chipsi mayai anazokula kila usiku zinakaangwa na nani. Nyama choma? Supu ya pweza pale feri? Mishikaki? Nusu ya chakula cha barabarani cha Dar kinapikwa na wanaume, tena hodari, ila tukivuka mlango wa nyumbani tunajifanya hatujui kitunguu kinamenywa upande gani. Serikali nayo imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Matangazo mengi ninayokutana nayo yana mama na sufuria. Kapera wa geto hamo, na mkaa anachoma vilevile.

Jiko lina vitu haliwezi, na hapo ndipo wengi wanapotoka wamechukia. Ugali sahau. Sufuria ya ndani haina mpini na haijakazwa popote, ukianza kusonga nayo inazunguka na mwiko, utacheza nayo ngoma mpaka ugali upoe. Nina plate moja ndogo ya umeme kwa ajili ya ugali na mayai, na sioni nikiiacha. Wali linapika, tena bila shida: vikombe viwili vya mchele uliooshwa, maji vikombe viwili na nusu, chumvi, mafuta, dakika saba na kumi za kutulia. Lakini kwa mchele wa Kyela punguza maji zaidi ya hapo, maana ule ni laini kwa asili na utashikana. Halafu hakuna ukoko. Mtu niliyelelewa kwa kugombea ukoko na kaka zangu, hili linaniuma kuliko linavyopaswa. Pilau nayo inatoka na ladha nzuri lakini imelegea, si ile ya kuachana punje kwa punje. Wageni nikiwa nao napika pilau kwenye sufuria na mkaa juu ya mfuniko, kama inavyotakiwa.

Umeme ukikatika katikati, usifungue. Presha inabaki ndani kwa muda na maharage yanaendelea kuiva kwa joto lililomo. Tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024 ule mgao wa kutwa nzima tumeusahau kidogo, ila kukatika kwa hapa na pale kupo. Langu mimi umeme ukirudi linasahau lilikuwa linafanya nini, inabidi ubonyeze upya na ukadirie dakika zilizobaki. Yapo yanayokumbuka. Ukiwa dukani mwambie muuzaji achomoe na kuchomeka mbele yako uone.

Na ekstensheni. Wati 1000 ni zaidi ya ampia nne, mfululizo, na zile ekstensheni nyembamba za elfu tano tunazochomekea chaja, televisheni na feni hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Shika waya jiko likiwa linapanda presha. Ukiwa wa moto, acha mara moja. Mimi nachomeka kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, plagi ya pini tatu, na jiko nimeliweka mbali na pazia linalogawa chumba, kwa sababu mvuke ukitoka unapiga juu kama filimbi na pazia langu ni la nailoni.

Kuosha ni rahisi, sufuria haigandi, ila tumia mwiko wa mti na sponji laini, waya wa chuma unakwangua ile rangi. Toa kivalvu ukisuuze kwa maji. Kuna kikombe kidogo cha plastiki nyuma kinachokusanya maji ya mvuke. Watu hukisahau mpaka kinaota ukungu. Na chakula usikilaze humo jiko likiwa limezimwa na mfuniko umefungwa. Kwa joto la Dar, maharage yatakuwa yamechacha kabla ya adhana ya alfajiri. Hamishia kwenye bakuli, yakipoa tia kwenye friji.

Naipa nyota nne. Ya tano imechukuliwa na mpira wa mfuniko. Unanyonya harufu, hasa ya kongoro na utumbo, na wali utakaopika kesho yake utakuwa na kumbukumbu za ng'ombe hata ukiosha kwa limau na magadi. Suluhisho ni kuwa na mipira miwili, mmoja wa nyama na mmoja wa nafaka. Mpira wa akiba haukuja kwenye boksi, na duka lililoniuzia jiko vipuri halina. Inapatikana kwa wauza vipuri vya majiko, elfu chache tu, lakini kipimo kinatofautiana kidogo kati ya jina na jina na mpira uliopungua hata kidogo utavujisha mvuke pembeni na presha haitajaa kamwe. Usiende na jina la jiko kichwani. Chomoa mpira wa zamani, uweke kwenye mfuko, nenda nao.