Kadi ya kijivu ya shilingi 1,500: imenifaa wapi, imenishinda wapi

Desemba nilirekodi harusi ya mchana pande za Riat, juu ya Kisumu. Hema lilikuwa la kijani, jua la saa saba likilipenya kisawasawa. Kamera niliiachia ijichagulie rangi. Mama wa bibi harusi alitazama video dakika mbili tu, akaniuliza, "Kijana wangu, mbona mtoto wangu anaonekana mgonjwa?" Nilijaribu kuinyoosha kwenye kompyuta, lakini kila nikipunguza kijani, midomo ilizidi kuwa ya waridi.

Wiki iliyofuata niliagiza kadi ya kijivu kutoka Nairobi, ile ya kuionyesha kamera kijivu halisi ili inyooshe rangi nyingine, ikaja na basi. Ni plastiki ngumu, saizi ya daftari. Upande mmoja kijivu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga, upande wa pili mweupe.

Kuitumia hakumalizi dakika. Msimamizi wa bibi harusi anaishika pale pale watakaposimama, ikitazama kamera. Naijaza kwenye picha, naiambia kamera kwa mkono kuwa hicho ndicho kijivu halisi, basi. Mara ya kwanza niliishika mwenyewe, nje ya hema, juani. Kamera ikajifunza jua badala ya turubai, na kijani kikabaki vilevile!

Kuna watakaosema karatasi ya printa inatosha. Mimi pia nilisema hivyo. Karatasi hizo hutiwa dawa ya kung'arisha ambayo mwanga wa jua huifanya itoe ubuluu, kwa hiyo kamera hujisahihisha kupita kiasi na nyuso hutoka na umanjano.

Faida ambayo sikuitarajia ni kwenye kupima mwanga. Gauni jeupe huidanganya kamera: inapunguza mwanga, na uso mweusi unazama gizani. Nikipima kwa kadi, uso unaonekana na mikunjo ya gauni haipotei.

Kasoro ninazo. Plastiki inang'aa, na jua la utosini likiipiga lazima niiinamishe hadi mmweko uondoke. Ukumbini, dirisha likiwa upande mmoja na balbu upande wa pili, yaani kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5600 dhidi ya 3200, kilichobaki ni kuchagua shavu lipi liumie. Taa za LED za bei rahisi ndizo mbaya zaidi. Nyingi hazina wekundu wa kutosha, na kadi hairudishi rangi ambayo taa haikuitoa.

Na ukienda Dunga jioni, iache begini. Ukiionyesha kamera kadi saa kumi na mbili na nusu, itafuta dhahabu yote ambayo maharusi wameifuata ziwani. Hapo mimi naweka 5600 na kurekodi.

Naipa nyota nne. Yule mama nilimrudishia elfu tano. Siku hizi mteja akipiga simu, kabla sijataja bei, namuuliza hema ni la rangi gani.