Muvi za Giza: Zima Taa, Ila Swichi Iwe Karibu

Wadau, karibuni tena. Leo hakuna simu mpya wala spika ya bluetooth hapa mezani, leo tunachambua giza. Komenti zimejaa: "Kaka, tupe muvi za kutisha za usiku, ila zisiwe za kelele tupu." Nimewasikia. Na nina hasira zangu kidogo kuhusu jambo hili, tutazifikia.

Msimamo wangu nautoa sasa hivi, usinisubiri mwishoni. Giza peke yake halitishi. Kuzima taa halafu ukapiga muziki wa "dummm" hata mpwa wangu anaweza kwa simu yake. Muvi ya giza inayojua kazi ni ile iliyoliwekea giza sheria. Unaambiwa mapema: hiki kinaruhusiwa, hiki hakiruhusiwi. Basi unakaa unaingoja ile sheria iume.

Mfano. Mnaiona hii taa ya mezani? Imewaka. Nyuma yangu kuna mlango, na kwenye mlango nimetundika koti. Mmeliona vizuri? Haya. Nazima.

Sasa angalieni. Msiangalie uso wangu, angalieni mlango. Mnajua lile ni koti, nimewaonyesha sasa hivi. Lakini jicho lako limeshaanza kulitafutia mabega. Limelipa kichwa. Nawasha: koti. Nazima: mtu. Nawasha: koti. Nazima... na hapa ndipo unapoanza kuuliza, kwani mwanzo lilikuwa karibu na kitasa hivi?

Halijasogea, jamani. Tulieni. Lakini mchezo huo huo ndio ulioleta Lights Out. Mwaka 2013 jamaa mmoja wa Sweden, David F. Sandberg, alipiga filamu fupi ndani ya nyumba aliyokuwa akiishi, mwigizaji ni mke wake, Lotta Losten. Haifiki dakika tatu. Iko bure kwenye intaneti, bando lako halitastuka. Mwanamke anakwenda kulala, anazima taa ya korido, anaona umbo la mtu limesimama kule mwisho. Anawasha, hakuna kitu. Anazima, lipo. Anawasha, hakuna. Anazima tena, safari hii liko hapa, mbele ya pua. Ndiyo hivyo tu! Swichi na korido. Halafu kuna kipande anachukua utepe wa gundi anaibandika swichi isizime, na mimi pale nikasema huyu dada ana akili, maana kwenye muvi hizi watu wenye akili hawapatikani.

Hollywood wakaiona. Mwaka 2016 ikawa filamu ndefu, James Wan, yule mwongozaji wa The Conjuring, akiwa mmoja wa maprodyuza, bajeti haikufika dola milioni 5, ikarudisha zaidi ya milioni 140. Waigizaji na mengine siwasomei, yako kila mahali. Ninachotaka muangalie ni sheria ilivyotumika: kile kiumbe, Diana, kinachoiandama familia ya mama mmoja na watoto wake, hakiwezi kukaa kwenye mwanga. Basi. Kuanzia hapo kila chenye taa kinageuka silaha. Kuna kijana anakimbizwa usiku nje ya nyumba, simu inamwokoa mara moja, halafu anakumbuka ana rimoti ya gari mfukoni. Siendelei. Na dirishani kwa yule dada mkubwa kuna bango la taa nyekundu linawaka na kuzimika, linawaka na kuzimika. Mwongozaji hakufanya kitu kingine pale, aliacha bango lifanye kazi. Mwisho wa filamu siupendi, njia waliyochagua kumaliza tatizo la yule mama imenikera, na najua sitakuwa peke yangu. Ila ile filamu fupi, kama unaanza leo, anza nayo.

Sasa hasira zangu. Mnaangalia muvi za giza kwenye nakala za namna gani? Mtu anakwenda kibandani anaingiziwa muvi kwenye flashi, muvi ya saa nzima na nusu imeminywa mpaka iwe ndogo kama wimbo. Unajua kinachotupwa kwanza video ikiminywa? Sehemu za giza. Programu inaamini jicho lako halitaona tofauti, kwa hiyo kivuli chote kinakuwa vigae vyeusi vyeusi. Mwongozaji amejificha na kiumbe chake kwenye kona, wewe unaona sakafu ya bafuni. Halafu unaniandikia, "Kaka, hii muvi haionekani kitu."

Na la pili, zile zilizotafsiriwa. Naheshimu sana kazi ya watafsiri, tumekua nao, banda umiza bila wao lisingekuwa banda umiza. Kwenye mapigano hawana mpinzani. Lakini muvi ya giza inaishi kwenye ukimya! Mama ananyata kwenye korido, husikii hata pumzi, mtafsiri anaingia: "Sasa hapa watazamaji wangu, huyu mama hajui kwamba jini liko nyuma yake..." Aisee! Umeshaua. Tafuta yenye sauti yake na maandishi chini, vaa hedfoni.

Nimetaja jini, basi twende Tehran. Under the Shadow, 2016, ya Babak Anvari, inaongewa Kiajemi. Miaka ya themanini, vita ya Iran na Iraq, makombora yanaanguka mjini. Mume ni daktari, amepelekwa mstari wa mbele, mke amebaki na binti yao mdogo kwenye fleti, vioo vimebandikwa utepe wa gundi visipasuke vikaruka. King'ora kikilia usiku, jengo zima linashuka chini kujificha. Kombora linatoboa paa kwa jirani wa juu na halilipuki. Kuanzia hapo mtoto hamwoni mwanasesere wake, na jirani anasema wameingiliwa na majini.

Kwetu Pwani hii huhitaji kuelezwa. Mimi ni mtu wa Tanga, jini siyo habari ya kwenye sinema, ni habari ya jirani. Ndiyo maana Hollywood wakileta kitu chenye pembe nacheka, huyu wa Tehran ni kitambaa tu kinapita mlangoni na nikasogea ukutani. Na kuna usiku huyo mama anakimbia nje na binti yake miguu peku, kichwa wazi, kwa sababu ya kilichomo ndani. Nje anakutana na walinzi, wanamkamata kwa kutovaa hijabu. Ndani jini, nje serikali. Hiyo ndiyo sheria ya giza lake: hakuna upande wenye mwanga.

The Descent, 2005, Uingereza. Wanawake sita wanaingia pangoni, pango linaporomoka nyuma yao. Mwongozaji Neil Marshall aliijenga ile pango studio, maana kupiga filamu kwenye pango la kweli ni hatari na ni kazi ya kuua, lakini mwanga alioruhusu ni ule waliobeba wao wenyewe: taa za kofia, fataki za kushika mkononi, kamera ya video. Taa ya fulani ikizimika, na wewe umezimiwa. Sikilizeni hili la muhimu: ina miisho miwili. Iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema Marekani waliikata. Tafuta ya Uingereza, hata kama utalala vibaya.

Kuna 30 Days of Night, 2007, mtu atanikumbusha tu kwenye komenti. Mji wa Alaska uliokuwa ukiitwa Barrow, jua linaondoka mwezi mzima na wanyonya damu wanaingia. Wazo hilo, ohoo! Sisi huku jua likizama saa kumi na mbili na ushei jioni, tunajua alfajiri inakuja saa kumi na moja, mwaka mzima mkataba ni huo huo. Kule wenyewe jua linapotea hata miezi miwili. Ila wameweka mwanga mwingi mno, theluji inang'aa, kila kitu unakiona. Usiku wa mwezi mzima, na giza silioni. Nzuri kwa damu, kwa giza hapana.

Na Skinamarink, 2022, ya Mkanada Kyle Edward Ball. Dola 15,000 tu, kapiga kwenye nyumba ya wazazi wake. Watoto wawili wanaamka usiku, baba hayupo, milango na madirisha yanatoweka, taa iliyobaki ni katuni kwenye televisheni. Nilikuwa nimepanga kuwaambia msiiangalie. Inachosha! Unatazama kona ya dari dakika nzima. Lakini... sijui niseme nini, ile dari imenikaa. Kama umewahi kuwa mtoto umeme umekatika na wakubwa wako kimya chumba cha pili, iangalie. Wengine wote ruka.

Kama bajeti ni sifuri, Night of the Living Dead ya George Romero, 1968. Haina hakimiliki, kwa sababu wasambazaji walipobadilisha jina la filamu walisahau kurudisha tamko la haki pale mwanzoni. Ipo mtandaoni, halali kabisa, hulipi hata shilingi.

Na moja ya wazee wetu: Wait Until Dark, 1967, Audrey Hepburn anaigiza kipofu, wahalifu wako ndani ya nyumba yake. Anafanya nini? Anavunja taa zote, sasa wote wako sawa! Kuna majumba ya sinema yalizima na taa zake wakati wa kipande hicho. Kitu kimoja tu jikoni kina taa ndani yake, na hakukikumbuka.

Kabla sijatoka: juma lijalo tunarudi kwenye vifaa, nina projekta mbili za bei ya chini, tutazipima kwa kipande cha pangoni tuone ipi inaonyesha nyeusi na ipi inaonyesha kijivu. Bonyeza kengele. Na kama unajua muvi ya Kiswahili yenye usiku uliopigwa vizuri, siyo mchana waliotia rangi ya bluu, iandike chini hapo na useme inapatikana wapi.